Mgomba Uliozikwa Badala ya Shem Were

Mchungaji, wazee mliotoka Butere, majirani wa Dagoretti na mafundi wa gereji, mimi ni Nanyama, dada mkubwa wa marehemu Shem Were, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu nimebaki peke yangu niliyemjua tangu azaliwe. Najua wazee wamekodi basi wampeleke nyumbani, na najua jana walimwambia Waceke, mke wake, kwamba anawanyima mtu wao. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkitaka mseme tena.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1918 katika kijiji cha Shirotsa, Butere, mwezi haujulikani, na ile tarehe moja Januari iliyo kwenye kipande chake iliwekwa na karani wa jeshi asiyetaka kusumbuka. Wakati huo wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamechukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vya kwanza, na kaka ya baba yetu alikuwa mmoja wao, akapotelea Tanganyika, wala serikali haikutuletea neno. Nyanya alimwekea huyo mwanawe ugali kila jioni kwa miaka kumi na tisa, na asubuhi akawamwagia kuku. Sisi watoto tulikua tukiutazama ugali huo.

Shem alisoma shule ya misheni kuanzia 1927 hadi 1932, akafika darasa la nne, akafukuzwa kwa kumpiga mwalimu ngumi, na msininung'unikie, historia ni historia. Tarehe 17 Desemba 1938 alifunga ndoa na Peres kanisani, na tarehe 5 Machi 1940 akaandikwa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, pale Kakamega, akafundishwa kuendesha lori hapa Nairobi, akapelekwa Uhabeshi, halafu Seloni, na mwaka wa 1944 akavushwa hadi Burma kupigana na Mjapani katika misitu ya mvua na matope. Sisi tuliobaki tulipigana na chifu, ambaye alihesabu ng'ombe wetu kila mwezi na kuwachukua kulisha jeshi, na mwaka wa njaa, 1943, tulikula mizizi huku mahindi yetu yakipakiwa kwenye gari la moshi.

Tarehe 12 Februari 1945 tarishi wa chifu alileta barua ya jeshi, na pale nyumbani siku hiyo mimi tu ndiye niliyejua kusoma. Barua ilisema Were hajaonekana tangu Oktoba na anaendelea kutafutwa. Niliisoma kimoyomoyo mara mbili, mama akiwa ameketi mbele yangu, akaniambia, "Nanyama, sema basi." Nikaona ugali wa nyanya, nikaona mama naye akiuweka mpaka azeeke, nikasema, "Amekufa." Barua nikaitia motoni. Haya, ndiyo mara ya kwanza mnalisikia neno hilo, na wazee watatu waliokuwepo wameshatangulia.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, ili roho itulie na mjane awe huru. Tarehe 24 Februari tulikata mgomba wenye urefu wa Shem, tukauvisha shati lake, tukauzika na kulia siku tatu, na mimi nililia kwa sauti kuliko wote. Mwezi wa Novemba ndugu yetu Isaiah, ambaye yuko hapa, alimrithi Peres kama desturi inavyotaka.

Tarehe 17 Agosti 1946, siku ya Jumamosi, Shem alitokea langoni na sanduku kichwani. Alikuwa ameokotwa msituni na homa kali, hajui hata jina lake, akalazwa India miezi mingi, na alipopona hakutuandikia kwamba anakuja, alitaka kutushtua tufurahi. Tulishtuka. Wazee walimzuia pale pale, wakasema aliyekwisha kuliliwa hapiti langoni mpaka kondoo achinjwe na ua utobolewe nyuma apitie huko. Peres alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mimba ya miezi saba. Shem akauliza, "Isaiah, ni yako?" Isaiah akajibu, "Ni ya nyumba hii, kaka." Basi akaomba maji, akanywa akiwa amesimama, akarudisha kibuyu, akaelekea stesheni, na mama akamfuata mpaka mtoni akimwita. Mama alipofariki mwaka wa 1953 Shem hakuja kumzika, mkamwita mwenye moyo wa jiwe, nami nilikuwa katikati yenu nikinyamaza.

Alifanya kazi katika gereji moja ya Parklands kuanzia 1946, na mwaka wa 1963 akafungua yake hapa Dagoretti Corner, ambapo wateja wakimsumbua aliwaambia, "Msiniharakishe, mimi nilizikwa zamani, maiti haina haraka." Tarehe 6 Desemba 1958 alimwoa Waceke, binti wa Mzee Gerishon, wakajaliwa watoto wawili, Zedekiah na Wangui, ambao hawajawahi kulala Butere hata siku moja.

Kifua kilianza kumsumbua Mei 1973, akalazwa, na mwezi uliopita nilikuja nikamweleza barua ilisema nini. Nikamwambia, "Kondoo tutachinja hata sasa, utalala kwenu." Akauliza, "Mama alijua?" Nikasema hakujua. Akasema, "Afadhali. Huyo kondoo mle wenyewe, dada. Nizikeni hapa, Waceke apate kunipalilia." Hayo ndiyo maneno yake, na Jumamosi tarehe 2 Machi 1974 alituacha.

Kwa hiyo, wazee, Waceke hajawanyima mtu. Niliyewanyima ni mimi, miaka ishirini na tisa iliyopita, na aliyenituma hakuna. Isaiah, kaa chini, wewe pia nilikukosea, tutaongea. Marehemu atazikwa leo saa nane katika shamba la Mzee Gerishon, na anayetaka kugomba agombe nami, si na mjane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompikia uji, mafundi waliofunga gereji wiki nzima, na Mzee Gerishon aliyemkubali mkwe asiye na kwao.

Shem, mwana wa mama, pumzika kwa amani hapo ulipopachagua. Safari hii tumekuona kwa macho yetu, ndipo tukalia.