Valeriani Matimbwa, Mtu wa Ng'ombe Wanaobaki

Aliyelala hapa mbele yetu ni Valeriani Matimbwa. Wengi wenu mlimwita Daktari ingawa hakuwahi kuwa daktari, na katika miaka mitano ya mwisho mlimwita majina mengine pia, kwa sababu ya ng'ombe. Maisha yake yanasomwa na mdogo wake, Dionisi. Huyo Dionisi atatajwa humu ndani, na si kila mahali atatajwa kwa uzuri. Mama Skola, mjane wa marehemu, aliyasikiliza maneno haya jana kabla hayajapigwa taipu, akasema yabaki kama yalivyo.

Valeriani alizaliwa tarehe 3 Februari 1904, karibu na misheni ya Kwiro huko Mahenge, mtoto wa kwanza wa mzee Kelestini Matimbwa na mama Rosa. Vita vya Maji Maji vilipopita na njaa ikafuata, wazazi wake waliteremka bondeni kutafuta mahali pa kulima mpunga, wakajenga Ifakara. Marehemu alishuka milima ile akiwa mgongoni kwa mama yake, na maisha yake yote alidai kwamba anaikumbuka safari hiyo, hata idadi ya mito waliyovuka. Alikuwa na miaka mitatu. Mama Rosa alikuwa akimwacha aseme.

Mwaka 1914 alirudishwa Kwiro kusoma, akafika darasa la nne mwaka 1917, wakati vita vya Wazungu vilipovuruga shule. Alijua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya. Lakini somo lililomkaa zaidi ni usafi. Padri mmoja aliwafundisha wanafunzi kunawa mikono, naye Valeriani akalipokea somo lile kama amri ya kumi na moja. Nyumbani kwake hapakuwa na mgeni aliyepewa chakula kabla ya kuoneshwa lilipo bakuli la maji, hata kama mgeni huyo alikuwa baba mkwe wake.

Kwa usafi huo alipata kazi ya dresa katika zahanati mwaka 1923. Kwa miaka kumi na mitano aliosha na kufunga vidonda vya watu wa bonde hili: vidonda vya jembe, vya shoka, vya miba ya samaki. Alipokuwa akifanya kazi hiyo ndipo alipomfahamu Brigita, binti wa Namawala, aliyekuja na jeraha la jembe kwenye unyayo. Dresa alimwagiza arudi kila Jumatano. Alirudi Jumatano tisa. Kidonda kilikuwa kimepona tangu ya tano, na wote wawili walilijua jambo hilo, lakini bandeji iliendelea kufungwa. Walifunga ndoa takatifu hapa Ifakara tarehe 22 Oktoba 1927. Mungu aliwajalia watoto watano, akawachukua wawili wangali wachanga.

Mzee Kelestini alipofariki mwaka 1938 aliacha uwanda wa nyasi kando ya mto. Valeriani aliacha kazi ya zahanati, akaungana na Dionisi, wakaanza biashara ya maksai. Kila mwaka maji ya mafuriko yalipopungua, wafanyabiashara waliteremsha maksai wembamba kutoka Uhehe. Ndugu wawili waliwanunua, wakawaachia kwenye nyasi ile inayochipua matope yanapokauka, bila pumba wala chochote kingine, na kufikia Desemba maksai walikuwa wamenona. Walichukuliwa na wachinjaji kabla mvua hazijaanza. Mafuriko yalipofika, zizi lilikuwa tupu na wenye zizi walikuwa wamelala usingizi mzuri. Kwa Dionisi hakukuwa na kazi bora kuliko hiyo duniani.

Valeriani hakuwa na raha. Kila Desemba, maksai wa mwisho akishaondoka, alikuwa akizunguka zizi akigusa nguzo siku mbili tatu. Mwaka 1952 wafanyabiashara walichelewa mpaka Agosti, wakaleta wanyama waliokuwa mifupa mitupu, nusu yao wagonjwa. Hapo akasema lililokuwa moyoni.

"Dionisi, miaka kumi na minne tuna zizi, lakini ng'ombe hatuna. Hawa wanapita tu. Nataka ng'ombe wanaobaki, wanaozaa hapa. Ndama akizaliwa kwenye nyasi hii ataijua, na mbu wa hapa atawazoea."

"Na mafuriko, kaka? Maksai wanatoka kabla ya maji. Majike na ndama utawaweka wapi, kitandani?"

"Kwako Namawala. Una kiinuko."

Hivyo ndivyo Dionisi alivyojikuta ndani ya jambo asilolitaka. Julai 1953 maksai wote waliuzwa mapema, na badala yao wakanunuliwa mitamba tisa na dume mmoja. Mvua za 1954 walizimaliza kwenye kiinuko cha Namawala, hatua thelathini kutoka jikoni kwa Dionisi, ambaye alilalamikia inzi kila siku ambayo Mungu alileta. Mitamba sita walikuwa na mimba. Wenyeji wa bonde hili tunajua mpunga na tunajua samaki. Ng'ombe mzazi hatukumjua. Kwa hiyo aliajiriwa Leodegar, mtu mzima wa Idete, ambaye ujanani aliwahi kuchunga Uhehe.

Mtamba wa kwanza alizaa mwezi Juni. Valeriani alinawa mikono, akapiga magoti, akamkamua kidogo. Maziwa yakatoka mazito, ya njano, yanayonata. Alikunja uso.

"Daktari," Leodegar akamwambia, "hayo ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mzazi. Kule nilikochunga huachiwa ndama, siku za mwanzo zote."

"Leodegar, nimefunga vidonda miaka kumi na mitano. Usaha nikiuona naujua."

Akayakamua yote akayamwaga, akakiosha kiwele kwa maji ya moto na chumvi. Siku tatu ndama alinyweshwa uji mwepesi wa mchele, kwa bakuli safi kabisa, mpaka maziwa ya mama yake yalipokuwa meupe. Siku ya nne ndama alianza kuhara. Siku ya saba alikufa. Wa pili alikufa vilevile, na wa tatu, na kila alipokufa mmoja Valeriani alizidisha usafi kwa aliyefuata. Leodegar alisema tena mara moja, kisha akaacha kusema.

Wa nne alipokufa mwezi Julai, ndugu wawili waliketi na kupatana. Noeli ikifika akiwepo ndama hata mmoja aliye hai, wataendelea. Asipokuwepo, majike wote watauzwa na maksai watarudi. Dionisi ndiye aliyetaka mapatano hayo, na haifai kuficha kwamba alikwisha kumtumia salamu mfanyabiashara wa maksai. Wenye mimba walikuwa wamebaki wawili. Valeriani alidhoofika kwa mawazo. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana, alimgeukia Leodegar akamwambia kwamba anawakamua ng'ombe kwa siri na kuwaacha ndama na njaa. Neno alilotumia ni mwizi. Wengi wenu mlikuwepo. Leodegar alichukua fimbo yake na blanketi, akarudi Idete.

Mwezi Agosti mama mdogo wa marehemu alifariki Mahenge, Valeriani akaenda kuzika. Alimwachia mkewe maagizo marefu ya namna ya kukamua na kuosha endapo mtamba mweusi, aliyeitwa Sikukuu, angezaa. Alikaa huko siku tisa. Aliporudi, alikuta ndama jike akikimbia kuzunguka zizi mkia juu. Alisimama na mzigo wake begani.

"Mama Skola, umempa dawa gani?"

"Sikumpa dawa."

"Uji alikunywa vizuri?"

"Uji nilikunywa mwenyewe. Nilipotaka kumkamua huyo mama yake alirusha teke, likapita hapa karibu na sikio. Nikasema basi, kama ni hivyo mnyonyeshe mwanao mwenyewe."

"Na yale ya njano?"

"Hayo hayo ya njano, Baba Skola. Aliyamaliza yote."

Valeriani aliketi chini pale pale, kwenye samadi, yeye ambaye hakuwahi kukaa kwenye mkeka bila kuukung'uta. Dionisi alipofika jioni kuona huyo ndama alimkuta bado hajala.

"Niliwaua mwenyewe," akasema. "Wote wanne."

Dionisi alimwonea huruma sana, na kwa huruma hiyo akampa ushauri mbaya. Alimwambia kwamba hakuna anayejua, waseme tu ulikuwa ugonjwa umepita.

"Leodegar anajua," marehemu akajibu.

Jumapili hiyo hakwenda misa ya Ifakara. Alitembea mpaka Idete, akamkuta Leodegar nje ya nyumba ya wakwe zake akisuka mgono wa kuvulia samaki, baba mkwe wake akiwa pembeni. Leodegar alimwamkia shikamoo, akamwekea kigoda. Marehemu alikataa kuketi.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," alisema, "na leo nasema mbele za mkweo kwamba si mwizi. Ulinifundisha nikakudharau. Ndama walikufa kwa mkono wangu. Nisamehe, ndugu yangu."

Leodegar alisuka vijiti kama vitatu hivi bila kuinua macho.

"Sikukuu amezaa?"

"Amezaa."

"Dume?"

"Jike."

"Basi keti, Daktari, nimalize mgono huu. Tutaondoka pamoja."

Jumapili ya pili yake marehemu alisimama pale pale nje ya kanisa, akayarudia maneno yale yale kwa sauti ya kusikika, maana hapo ndipo alipomvunjia mtu heshima. Baadhi walicheka. Aliwangoja wamalize kucheka, akaendelea.

Mtamba wa sita alizaa Oktoba mikononi mwa Leodegar. Noeli ya 1954 ilikuta ndama wawili zizini, na Dionisi akamtumia mfanyabiashara wa maksai salamu nyingine, za kumwambia asije. Leo kundi lina vichwa ishirini na saba, na kumi na tisa kati ya hao wamezaliwa katika bonde hili. Watu wa Mchombe na Namawala walipoanza kuja kununua mitamba, marehemu hakumtoa mnyama hata mmoja kabla ya kumketisha mnunuzi na kumsimulia habari za ndama wanne, moja baada ya nyingine, bila kujipunguzia kosa. Dionisi alikuwa akiona aibu kila mara. Valeriani alimwambia kwamba aibu yake imekwisha kuokoa ndama wengi kuliko usafi wake.

Maradhi yalimwanza Oktoba 1957 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi ya kanisa. Alilazwa hospitali mara mbili, akatunzwa vizuri, na familia inawashukuru masista na wauguzi. Mwezi Mei aliomba arudishwe nyumbani. Alipokea Sakramenti za mwisho Jumamosi ya tarehe 7 Juni, na siku hiyo hiyo aliwaita Leodegar na Dionisi kitandani. Alimuuliza Leodegar ni wangapi wanaokaribia kuzaa. Leodegar akajibu ni wawili, wote uzazi wa kwanza.

"Basi siku ya kunizika usije," marehemu akasema. "Kaa nao."

Leodegar alilia, na haikuwa siri. Alisema atakuja, atazika, kisha atarudi mbio.

"Hapana. Uzazi wa kwanza mama huwa hajui. Awepo mtu anayejua."

Dionisi aliingilia kati. "Kaka, watu watasema."

"Watasema," akajibu. "Wewe utawajibu."

Valeriani alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 1958, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mjane, Brigita, watoto watatu, Scolastica, Wendelin na Kandida, wajukuu saba, dada yake Apolonia aliyeolewa Mchombe, na mdogo wake Dionisi. Ameacha pia Leodegar, ambaye kwa agizo la marehemu anaandikwa hapa pamoja na ndugu zake.

Bila shaka tangu asubuhi mmekuwa mkiulizana kwa sauti ya chini mtu huyo yuko wapi, na wengine mmeanza kumsema kwamba amekula kwa marehemu miaka yote na leo hata udongo hakuja kutupia. Hili ndilo jibu ambalo Dionisi aliachiwa alitoe. Leodegar yuko Namawala, kwenye kiinuko, na alikwenda huko akilia. Valeriani alimlaumu mtu huyu mara moja bila haki, hapo nje ya mlango huu, na ilimgharimu kutembea mpaka Idete kulirudisha neno lake. Anawaomba msimlaumu mara ya pili. Mkimaliza kutupia udongo wenu, Dionisi atatupia mara mbili, na ya pili itakuwa ya Leodegar.

Mungu akupokee, kaka, akupe pumziko lisilo na mwisho.