Akeyo Mmempata, Nami Roho Inaniuma

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Afisa wa Elimu, Mwenyekiti wa Bodi ya shule hii ya Laini Saba, Bi. Lenah wa shirika la Tuinuane, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi watoto mliokalishwa juani kwa sababu yetu: hamjambo?

Mimi ni Mwalimu Kalondu, naibu wa mwalimu mkuu kule Kawangware. Tumekuja kumsindikiza Mwalimu Akeyo, ambaye hadi Ijumaa alikuwa wetu, na kuanzia leo ni mwalimu mkuu wenu. Desturi inataka nimsifu kisha nimkabidhi. Nitafanya yote mawili, lakini mama yangu hakunifundisha kuficha uso. Nina wivu.

Kazi hii tuliiomba wawili. Tuliketi benchi moja tukisubiri kuitwa ndani, naye akanigawia njugu zake. Alipokuja kwetu akiwa mwalimu wa mazoezi, ni mimi niliyemwonyesha jinsi ya kusimama mbele ya watoto sabini bila kupaza sauti. Akachukuliwa yeye. Sasa niambieni, wazazi, mngekuwa mimi, mngefika hapa mkiimba?

Tena hakupendelewa. Angependelewa, mimi ningelala vizuri. Tuinuane walipokuja kwetu kusaidia shule na kulea viongozi wake, tulidhani watatuletea madawati na rangi ya kuta. Wakatuletea Bi. Lenah na maswali yake. Alisema kiongozi wa shule akae darasani, nyuma kabisa, asikilize. Mwalimu Wakoli akauliza, "Nikae huko nyuma, kwani mimi ndiye monita?" Tukacheka sote isipokuwa Akeyo. Yeye alienda akajibana kwenye dawati la mwisho la Gredi ya Tano, katikati ya Kevin na Mutanu, kwenye ile safu ambayo shule nzima ilikuwa imeamua ni ya wavivu.

Baada ya mapumziko akamwuliza Kevin mbona haandiki. Kevin akamwambia, "Ticha, si uangalie mwenyewe. Hiyo ubao inang'aanga, huku hatuonangi kitu. Sisi tunakopi tu baadaye kwa wale wa mbele." Akeyo akatazama. Jua lilikuwa limeingia dirishani likaupiga ubao, na kutoka pale nyuma hapakuonekana hata herufi moja.

Wiki hiyo hiyo ubao ukahamishwa hadi ukuta mwingine, madawati yakageuzwa, na wale tuliowaita wavivu wakaanza kusoma. Wageni wakaja kuona, picha zikapigwa, nami nikasimama pembeni nikitabasamu kwa meno tu. Darasa hilo nimelifundisha mimi miaka na miaka. Kwa nini hakuketi pale Kalondu?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo sifa zangu zinaishia hapo.

Bwana Benard, wewe utakuwa naibu wake. Usidhani umepata mtu wa kunywa naye chai ofisini. Atakaa nyuma ya madarasa yenu, na nyinyi mtanuna, kama tulivyonuna. Lakini tukisikia mmemsumbua tutakuja kumrudisha, maana Kawangware si mbali kama Mombasa.

Sasa nimalizie. Jana Bi. Lenah alinipigia simu. Nafasi moja ya mafunzo ya viongozi imebaki, na anayeingia hupewa mwalimu mkuu wa kumfuata kazini muhula mzima, amtazame, aulize, akosolewe naye. Akaniuliza ningependa nani. Nikamtajia majina mawili ya wazee wa heshima, kisha nikasema, "Hapana. Andika Akeyo."

Usinitazame hivyo, Akeyo. Sijakusamehe. Nakitaka kiti kama chako, na siwezi kujifunza kukikalia kwa mtu ambaye hajanishinda.

Wazazi wa Laini Saba, Gatwekera na mitaa yote ya jirani, huyu hapa, ni wenu. Mtunzeni. Nami Jumatatu mtaniona getini asubuhi, nimekuja kufundishwa na mtu niliyemfundisha kushika chaki. Mwalimu Mkuu, ukiona nimenuna, wewe fundisha tu.

Asanteni kwa kunisikiliza hata pale mlipotamani ninyamaze.