Wasifu wa Bibi Kibali, Muuguzi wa Kisiwa cha Karantini

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 11 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wao. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1957, akafuzu uuguzi Desemba 1961. Februari iliyofuata alipangiwa kisiwani, kituo ambacho wenzake wote walikikwepa.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakivuka kwa mguu dakika kumi, na hakikanyagwi bila kibali. Magharibi ni miamba mitupu. Mashariki kuna gati, na nyuma yake kisima cha maji ya chumvi, ya kufulia tu. Ya kunywa yaliletwa kwa boti kila Jumanne. Kisiwa kiliwahi kuwa kambi ya wagonjwa wa ndui, kikawa jela, kisha hospitali ya karantini. Dada alikuta wodi mbili, vitanda ishirini na vinne, na kuta ambazo wafungwa walizikwaruza kuhesabu siku zao. Wiki ya kwanza alizipaka chokaa mwenyewe, ili wagonjwa nao wasianze kuhesabu.

Mwaka 1964 aliolewa na fundi wa mashine ya ile boti ya maji. Shemeji alikuwa akikiri kwamba boti haikuwa mbovu kiasi kile. Aliiharibu mwenyewe apate sababu ya kukawia gatini.

Binti yao alizaliwa mwaka 1966. Tarehe 9 Agosti 1969 dondakoo lilimchukua, ndani ya wodi ya mama yake. Sheria ya karantini ilikuwa moja: aliyefia kisiwani alizikwa kisiwani. Alizikwa hatua sabini na mbili kutoka kisimani. Dada alizihesabu.

Mwaka 1972 hospitali ilifungwa na kisiwa kikakabidhiwa jeshi. Waliokuwapo walipewa asubuhi moja kufungasha. Dada alihamishiwa wodi ya watoto mjini, alikohudumu hadi alipostaafu mwaka 1996. Tangu 1973, kila Januari aliandika barua kuomba kibali cha kuzuru kaburi, akaipeleka kwa mkono. Makarani wakambandika jina la Bibi Kibali. Wakimwona mlangoni walisema sasa mwaka umeanza. Alicheka nao. Jibu halikubadilika: ombi linashughulikiwa.

Kibali kilitoka mara moja tu, tarehe 17 Juni 2004, kwa watu wawili na kwa muda wa saa moja. Shemeji alikuwa ameshapooza, nikaenda mimi. Kisima tulikikuta. Dada akaanza kuhesabu hatua. Ya arobaini ilikanyaga zege. Akaendelea mpaka sabini na mbili, akasimama katikati ya uwanja wa kutulia helikopta. Ofisa kijana alimwambia kwa adabu, "Mama, mimi nimekuta hivi hivi."

Dada alivua viatu, akasimama pale mpaka saa yetu ikaisha.

Tukiwa kwenye boti aliniambia, "Shemeji yako asijue." Alipofika nyumbani alimweleza mumewe kwamba kaburi limefagiliwa vizuri na mti umeota pembeni. Shemeji akataka kujua ni mti gani. Akamwambia mwarobaini. Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, shemeji alisema mti wao utakuwa umekunywa. Alifariki mwaka 2006 akiamini hivyo. Dada hakuandika barua nyingine.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alifariki tarehe 2 Novemba 2021, saa nne asubuhi. Siku tatu kabla, alinishika mkono akasema, "Ukisoma wasifu wangu, sema ukweli. Mimi nilishindwa."

Ameacha mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Mpwa wangu uliyekaa hapo mbele, umekuwa ukiwaahidi wanao kwamba iko siku utawapeleka wakauone mwarobaini wa shangazi yao. Haupo, mwanangu. Kaburi nalo halipo. Nalisema hili mbele za watu kwa sababu miaka kumi na saba faraghani imenishinda. Unisamehe, na umsamehe mama yako.

Mungu ampe dada pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata.