Viatu vya Babu Peceli Vimerudi

Mheshimiwa Ratu Tevita, mkuu wetu, Mchungaji pamoja na Mama Mchungaji, wazee mliokaa karibu na bakuli la kinywaji chetu cha yaqona, wachezaji mliokaa karibu zaidi na tanuri la nguruwe, mama zangu, na wewe shemeji Josaia uliyetoka Suva: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa daraja lake.

Mimi ni Mereoni. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nimeolewa hapa Nakorosau, lakini kwetu ni Vunisei, na watu wa Vunisei ni watani wenu tangu enzi za mababu. Ndiyo maana Ratu ameniruhusu mimi, mwanamke mwenye mtoto mkononi, nimseme Babu Peceli hadharani, naye asiwe na haki ya kununa.

Leo tunamuaga. Miaka thelathini amefundisha raga hapa kijijini, na kesho mwanawe Josaia anampeleka mjini kwa sababu goti lake limechoka. Lakini goti hilo lilichokea wapi?

Babu yangu mzaa mama, marehemu Ilaitia, alikuwa naye kikosi kimoja vitani, huko visiwa vya Solomoni. Siku moja babu akapigwa risasi ya paja, porini, mvua inamwagika. Wenzake wakahangaika kutafuta machela. Peceli hakutafuta kitu. Alimkwapua, akamkumbatia kifuani, akainamisha kichwa, akatimua mbio.

Babu akapiga kelele, "Peceli, taratibu! Mimi si mpira!"

"Nyamaza wewe! Mpira hausemi."

Akaanguka kwenye mawe, goti likapasuka, akainuka, akakimbia tena. Kufika hemani kwa daktari, hakumlaza kitandani. Alimbwaga chini kwa mikono miwili, kama mchezaji wa raga aliyevuka mstari wa kufunga na mpira wake! Mpaka anakufa babu alisema, "Risasi niliisamehe. Kule kubwagwa, bado."

Vita vikaisha, Peceli akarudi na viatu vya jeshi. Viatu, jamani, wakati vijiji vyote vinacheza pekupeku! Mechi ya kwanza na Vunisei akavivaa, na watu wetu wakawa wanampisha njia kama ng'ombe dume. Zikabaki dakika chache, tunafungwa. Ndipo babu yangu, nahodha wetu, akamfuata katikati ya uwanja, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa adabu zote: "Mtani wangu, una viatu vizuri mno. Naviomba."

Mnacheka kwa sababu mnajua. Ombi la ndugu mbele za watu, nani kati yetu amewahi kulikataa akaonekana mtu? Peceli akamtazama refa. Refa akatazama mawingu, maana naye ni mtu wa hapahapa, mila anaijua. Basi Peceli akaketi kwenye majani, akaanza kufungua kamba. Na kamba za jeshi ni ndefu! Hajamaliza kiatu cha kwanza, babu yangu keshachukua mpira na kufunga. Alipovua cha pili, filimbi ya mwisho ikalia. Tukashinda.

Nimesikia anayesema "wezi." Ni Mama Akanisi. Mama yangu, mwizi haombi.

Sasa nisikilizeni kidogo bila kucheka. Mwanangu huyu ana miezi mitano. Baba yake yuko Lebanoni na jeshi, hajamwona hata siku moja. Barua ikichelewa, mimi hulia jikoni. Babu Peceli huja akichechemea, akamchukua mtoto, akamweka juu ya goti lile bovu, akaniambia, "Lia upesi, mjukuu, halafu ulete chai. Mimi nami nilichelewa kurudi. Si nilirudi?" Mtoto akasinzia palepale. Goti langu mimi, zima kabisa, halitaki.

Na huyu mzee anayesema yuko tayari kwa safari, tangu juzi nimemwona akifunga mkeka wake mara tatu, na mara tatu akaufungua, ati anatafuta filimbi yake. Filimbi iko shingoni, Babu. Hata sasa iko shingoni.

Ratu, naomba kikapu changu. Hivi ndivyo viatu vyenyewe. Babu yangu alivivaa kanisani tu, na alipokufa akaniachia mimi. Leo navirudisha, pamoja na kamba zake zote. Ila Vunisei hatujazoea kutoka mikono mitupu.

Shemeji Josaia, wewe ni mwana mwema, na najua nyumba yako ya mjini iko karibu na daktari. Goti tutalikanda hapa kila siku, na kila mwezi nitampandisha basi mwenyewe aje kwa daktari wako. Lakini mbele ya Ratu na mbele ya ndugu zako wote nasema: shemeji yangu, una baba mzuri mno. Namwomba.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Wewe, shemeji, usitazame mawingu. Kamba ni ndefu, najua. Fungua taratibu, tunakungoja.