Viatu Alivyochukua Mtani

Ndugu zangu, naomba radhi mapema: sina kovu la kuwaonyesha. Wenzangu hapa kwenye kikundi chetu cha manusura mmetoka kwenye mabasi yaliyopinduka na bodaboda zilizowavunja miguu. Ndege yangu ilitua salama. Aliyeanguka ni mimi, baadaye.

Tulikuwa tunatoka Dar. Tulipokaribia Mtwara, rubani akatangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma ajenda za kikao, kwamba mfumo wa kuteremsha magurudumu haufanyi kazi. Wangejaribu kuyashusha kwa mkono. Tukazunguka. Nikaona mtambo wa gesi wa Madimba, nikaona mto Ruvuma ukimwaga tope baharini, kisha Madimba tena. Nimeandika makala nyingi kuhusu ujasiri. Siku ile sikukumbuka hata sentensi moja.

Mama wa makamo niliyeketi naye akaniuliza, "We kabila gani?"

"Mmakonde."

"Alaa, mtani wangu! Mie Myao. Ukifa, viatu hivyo vyangu."

"Tutakufa wote, mama."

"Basi tangulia, nivivue vingali na joto."

Nikacheka huku nalia. Chini ya sakafu kitu kikagonga kwa kishindo: magurudumu yameshuka. Tulipotua watu walipiga makofi. Mimi nilishindwa kufungua mkanda, mtani akanifungulia.

Ndugu zangu, nawaambia, mwili unaweza kutua, roho ikabaki inazunguka. Nikawa silali mlango ukifungwa. Safari za kazi nikaziacha. Nilijaribu basi kutoka Mtwara, nikashukia Mikindani, mahali ambapo hata kwa baiskeli unafika. Nyumbani nikasingizia mgongo.

Ndipo binti yangu akaposwa huko Dar. Nikampigia simu: baba yako mdogo atakuozesha kwa niaba yangu. Akasema, "Baba, walii wangu ni wewe, na u hai. Au nimwambie shehe umekufa?"

Nikakata simu.

Mke wangu alisikia yote. Namba ya mtani ilikuwemo kwenye simu yangu, tulipeana uwanjani; akampigia kwa siri. Siku chache baadaye nikasikia kilio barazani. Mtani kaja na shuka nyeupe, na wenzake nyuma: "Maiti huyu tangu ndege ile hajazikwa! Jamani, mnavumiliaje harufu?" Majirani wakajaa.

"Niko hai!"

"Maiti mbishi," akasema, akabeba viatu vyangu vya heshima. Nanyi mnajua: alichobeba mtani hakirudi kwa kubembeleza. "Utavikuta kwenye ndege. Harusini tunakwenda wote."

Nikapanda ndege na ndala. Mtani alikuwa ameshaketi, viatu vyangu mapajani. Magurudumu yalipoanza kushuka, kile kishindo kikaja, nami nikahisi mkono umenishika. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa barafu.

"Mtani," nikamnong'oneza, "ukifa, kitenge hicho changu."

Hakucheka. "Sijapanda tangu siku ile," akasema. "Ningepanda na nani?"

Namshukuru yeye, ambaye simtaji. Namshukuru mke wangu aliyenitangazia msiba bila ruhusa, na binti aliyekataa kuozeshwa na baba mdogo. Sijapona kabisa, mlango bado nauacha wazi. Lakini kama una hofu, usiifiche nyuma ya mgongo unaouma. Mwambie mtu mwenye haki ya kukucheka. Huenda naye anatafuta wa kumshika mkono.

Binti nilimwozesha mwenyewe. Sauti ilitetemeka, watu wakasema ni uchungu wa mzazi. Niliwaacha waamini hivyo, viatu vyangu vikiwa miguuni.