Mama wa Mji wa Lukhalweni

Wasikilizaji wapendwa, hii ni Redio Lukhalweni, na saa ya kuwakumbuka wenzetu imefika. Punguzeni moto chini ya sufuria, vuteni viti. Mimi ni Nothobile Zamela. Leo tunamkumbuka Nodolophu Zamela. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na sita. Anazikwa Jumamosi. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Nodolophu Zamela, mazishi ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, upande wa chini wa kanisa.

Najua mnatazamana huko jikoni. Mnajiuliza kama nitaweza. Mume wangu na mume wake walizaliwa tumbo moja. Tumeishi boma moja miaka arobaini na tano. Na kwa kuwa mji huu hauna siri, mnajua pia kwamba nilimwonea wivu. Sikatai. Nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia. Lakini nina jambo la kusema leo, kwa sababu Jumamosi, pale kaburini, mtasimulia kitu juu yake ambacho si kweli.

Nianze mwanzo. Mimi ndiye niliyetangulia kuolewa. Mwaka wa sabini na nane niliketi nyuma ya mlango, blanketi mabegani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, nikisubiri baba mkwe anipe jina la ndoa. Siku nzima nilitazama chini. Viatu vilikuwa vinanibana. Mzee Zamela akaniangalia, akasema, "Huyu ni Nothobile. Amenyenyekea." Wasikilizaji wapendwa, mnanifahamu. Mimi na unyenyekevu hatujawahi kukaa chumba kimoja. Lakini jina likishatolewa limetolewa.

Mwaka uliofuata shemeji yangu akaleta mke. Nilikuwa jikoni nakoroga pombe ya mtama, mikono imejaa hadi kiwiko. Nikamsikia mzee akitoka nje. Akatazama mabati ya mji kule bondeni, akasema, "Huyu ni Nodolophu. Mama wa mji."

Mama wa mji! Msichana wa miaka ishirini na moja, hajateka hata ndoo moja ya maji hapa. Mimi nilikuwa nimeshateka za mwaka mzima. Niliacha pombe ikamwagikia moto.

Na ubaya wake ni kwamba jina lilimkaa. Alikuwa na masikio. Wazee wa kike walivuta viko vyao kando ya ukuta, naye akiwajazia tumbaku na kuuliza. Nani alijenga pale? Huyu alitoka wapi? Kwa nini watu wa ng'ambo ya mto hawaoani na watu wa kilimani? Ndani ya miaka kumi alijua kila boma, kila ukoo, na majina ya mababu wa kila ukoo kwa mpangilio wake. Mnajua mji wetu. Hapa mtu haulizwi jina, anaulizwa ukoo. Ukikutana na mgeni dukani, mnaweza kusimama nusu saa mkitafuta babu wenu mmoja, na mwenye duka anangoja, kwa sababu na yeye anasikiliza.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba Lukhalweni ulianza na ekseli iliyovunjika. Mikokoteni ya ng'ombe ilipita hapa kwenye upenyo wa milima, imejaa sufu. Mmoja ukavunjika. Wenyewe wakakaa wiki tatu wakingoja fundi. Fundi alipofika, tayari kulikuwa na zizi, na mwanamke mmoja alikuwa anauza mkate wa kuchemsha. Mfanyabiashara akaja na mizani yake, kanisa likaja na kengele yake. Basi, huo ndio mji. Watu waliokwama wakajifanya walikusudia.

Mwaka wa tisini na tisa redio hii ilifunguliwa, nikapewa kipaza sauti. Nilisema moyoni, sasa tutaona nani ni mama wa mji. Sauti yangu iliingia kila nyumba kwa wakati mmoja. Lakini nikimaliza kipindi, nikishuka barabarani, nawasikia: "Umesikia alivyosema Nothobile?" "Nimesikia. Ngoja nikamuulize Nodolophu kama ni kweli."

Wasikilizaji wapendwa, jambo hilo lilinila.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka wa elfu mbili na nane alifariki mzee Gilindoda Ngxabani. Tangazo lililetwa hapa bila ukoo. Na hapa hatumtangazi marehemu kwa jina tupu. Tunataja ukoo na mababu, ili hao mababu wajue wa kwao anakuja, wamfungulie lango. Kijana wa mitambo akaniambia, "Mama, mpigie Nodolophu, dakika moja tu." Nikamjibu, "Mimi nimeolewa hapa miaka thelathini. Simuulizi mtu." Ngxabani aliishi kilimani, na kilimani wote ni wa ukoo wa Gatyeni. Nikamtaja kwa mababu wa Gatyeni, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yangu nzuri ya mazishi.

Hakuwa Gatyeni. Alikuwa wa ukoo wa Mfene. Babu yake alikuja na mkokoteni, akapewa kiwanja katikati ya watu wasio wake.

Kabla ya saa sita mchana, mtoto wake, Bonakele, alikuwa mlangoni hapa na fimbo yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Mama, baba yangu umempeleka kwa nani? Amesimama kwenye zizi la watu. Nani atamfungulia?" Mwenyekiti wa redio akaniambia nirudi nyumbani, nisije mpaka nitakapoitwa.

Jioni yake Nodolophu alikwenda kwa Ngxabani. Sikumtuma. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya wazee, akasema, "Ni mimi. Nothobile aliniuliza, nami nikamtajia vibaya. Kichwa changu kimechoka." Akatoa mbuzi wake mweupe, wakamwomba radhi marehemu, mambo yakatulia. Kesho yake nikaitwa kazini.

Basi mji ukacheka. Mnakumbuka mlivyocheka! Nodolophu amekosea ukoo! Watoto walimfuata barabarani, "Mama, mimi ni wa ukoo gani?" Naye akawajibu ovyo makusudi, "Wewe ni wa ukoo wa kuku," wakaanguka kwa kicheko. Tangu hapo kila mazishi, kila sherehe, mtu lazima asimulie ile ya Ngxabani. Hata jana binti yake, Vuyiseka, ameniambia kwa simu, "Mama mkubwa, Jumamosi baba mdogo atasimulia lile kosa la mama, watu wacheke kidogo. Mama angependa."

Halikuwa kosa lake. Narudia. Halikuwa kosa lake. Sikumuuliza, naye hakunitajia chochote. Nodolophu Zamela hakuwahi kukosea ukoo wa mtu hata mara moja katika maisha yake. Aliyekosea ni mimi.

Mtauliza kwa nini nimenyamaza miaka kumi na sita. Nilifurahi. Huo ndio ukweli. Hatimaye alikuwa na doa, na lilikuwa dogo, la kuchekesha, nikasema likae tu. Wiki ile nilikwenda kwake, nikamkuta anapaka sakafu samadi. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nikamwambia, "Nani alikutuma? Nani alikuomba?"

Hakusimama. Aliendelea kupaka. "MaBhele," akaniita hivyo, kwa ukoo wa baba yangu, kama alivyoniita siku zote. "MaBhele, wewe una redio tu. Wakikunyang'anya utabaki unahutubia kuku. Mimi mji ninao. Waache wanicheke, watachoka."

Niliondoka kwa hasira. Kwa sababu alisema kweli. Alikuwa na mji, akawa na uwezo wa kutoa kipande chake na asipungukiwe.

Lakini alipungukiwa, wasikilizaji wapendwa, na hili wengi hamlijui. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano walikuja watu kurekodi historia ya mji wetu kwa ajili ya ule ukumbi wa makumbusho. Wakauliza, nani anajua? Mzee mmoja wa baraza akasema, "Ni Nodolophu, ila aliwahi kuchanganya koo. Mchukueni Nothobile, ana sauti." Wakanichukua. Nilikaa siku mbili nikisimulia. Ekseli, zizi, mkate wa kuchemsha. Ile sauti mnayoisikia mkibonyeza kitufe pale ukumbini ni yangu. Maneno ni yake yote. Jina lake halimo.

Siku ya kuufungua ukumbi alikuja na kofia yake ya Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho, amesimama. Nikasogea karibu. Nilitaka nimwone ameumia, Mungu anisamehe. Akaniambia, "Umesimulia vizuri, MaBhele. Ila ule mkokoteni ulitokea upande wa mto, si upande wa kanisa." Akaenda kula keki.

Alipolazwa mwezi uliopita nilikwenda kumwona mara nne. Mara nne nilikwenda na neno hili mdomoni. Mara ya kwanza kulikuwa na wageni. Ya pili pia. Ya tatu pia. Mtu mgonjwa gani huyo anayejaza wodi nzima? Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwaonea wivu waliokuwa ndani. Mara ya nne tulikuwa wawili, na alikuwa amelala. Nikamkunjia blanketi, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo namwambia leo, mbele yenu, kwa kipaza sauti hiki ambacho bila yeye nisingekuwa nacho. Na kwako Bonakele, mwanangu, baba yako Gilindoda Ngxabani alikuwa Mfene. Mababu zake ni hawa: Lisa. Jambase. Canzi. Nimechelewa miaka kumi na sita. Kesho asubuhi nitafika kwenu, nikiwa nimevua viatu. Na wale wa ukumbini, njooni mrekodi upya, muweke jina la mwenye maneno.

Kwa Vuyiseka na wadogo zake, kwa shemeji yangu aliyefiwa na mkewe, kwa watu wote wa ukoo wa Tolo waliomzaa, redio hii inawapa pole. Mmepoteza mama. Mji umepoteza kumbukumbu yake. Na ninyi mnaosikiliza, zimeni redio kidogo nikimaliza. Mfikirie kama kuna mtu mnayemcheka kwa kosa lililo lenu. Kama yupo na bado anapumua, msingoje wageni waondoke. Ingieni.

Jumamosi baba mdogo wa Vuyiseka akisimama kusimulia ile ya Ngxabani, aisimulie. Ila aweke jina langu. Mnicheke. Ninajua tu kwamba hamtanicheka kama mlivyomcheka yeye. Yeye mlimcheka huku mmemshika mkono, na hata kicheko hicho, wasikilizaji wapendwa, namwonea wivu.