Bwana Zima, Mhudumu wa Vyumba vya Meli

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliosimama juani kwa ajili yetu, historia hii inasomwa na dada yake marehemu, aliyeachiana naye ziwa, kwa sababu mwenyewe aliagiza iwe hivyo, na tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, maana katikati yake mna neno zito.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mitambo na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda cha sabuni kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya kutwa hadi 1978, akafaulu kwa wastani, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kuficha maneno, alisema kijana huyu hana kichwa cha vitabu ila ana mikono.

Mikono hiyo ilimpeleka chuo cha hoteli Januari 1980, akafundishwa kutandika kitanda na kupangusa vioo, lakini zaidi ya yote akafundishwa kwamba mgeni akirudi chumbani akute kila kitu pale alipokiacha. Mwalimu wao wa vyumba, mama mkali kama pilipili, alizoea kuweka miwani yake upogo mezani, wanafunzi wasafishe, kisha arudi kupima kwa vidole kama imekaa vilevile, na marehemu hakukosea hata siku moja, akatoka na cheti cha daraja la kwanza mwezi Novemba 1981. Alifanya kazi katika hoteli iliyo karibu na bandari kwa miaka mitano, na tarehe 7 Septemba 1987 akaajiriwa kwenye meli ya watalii, akakabidhiwa vyumba kumi na vinne vya ghorofa ya saba.

Kila alipokuja likizo tulimzunguka atusimulie vituko vya wageni, na kwa kweli vilikuwa vituko, watu wazima na akili zao wanaoficha pasi na mishumaa ndani ya masanduku, wanaotupa vipisi vya sigara kutoka juu, upepo ukavirudisha kwenye roshani za wenzao wa chini, na siku ya zoezi la moto wanavaa maboya shingoni huku wakipigana picha na kucheka. Sikio la kufa halisikii dawa, alikuwa akisema, nasi tulicheka pamoja naye.

Tarehe 2 Desemba 1989 marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyepo hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1991 na wa kiume mwaka 1993. Mwaka 1992 alimtafutia shemeji yake kazi ya udobi katika meli ileile, na shemeji huyo alikuwa mume wa msomaji huyu, baba wa watoto wake watatu, mtu mpole, mrefu, aliyeimba vibaya na hakujali.

Sasa tunafika Jumapili, tarehe 19 Juni 1994. Mgeni mmoja wa ghorofa ya saba, mzee mcheshi aliyependa kuvuta sigara kitandani, alikuwa amekifunika kile kidude cha darini kinachohisi moshi kwa kofia ya plastiki ya kuogea, ili kisimpigie kelele. Saa saba na nusu mchana alikwenda kula, akaacha sigara inawaka kwenye kisahani juu ya godoro. Godoro lilifuka moshi muda mrefu bila kengele kulia, hata moshi ulipotokeza kwenye ujia mlango ulikuwa umeshashika moto. Katika meli, kuzima moto ni kazi ya mabaharia, wapishi na madobi waliofundishwa, na shemeji alikuwa mmoja wao, akavaa mtungi wa hewa akaingia chumba cha jirani kumtoa bibi mmoja aliyekuwa amelala. Bibi alitoka hai, shemeji akarudi ndani kuhakikisha hakuna mwingine, mtungi ukamwishia humo. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Uchunguzi ulisema kosa ni la mgeni, na mgeni mwenyewe alikiri, akalia mbele ya maofisa. Marehemu alimleta shemeji yake nyumbani, akaacha kazi ya meli Agosti 1994, na kuanzia Januari 1995 hadi alipostaafu mwaka 2021 alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya sekondari ya wasichana. Hapo ndipo alipopata jina la Bwana Zima, kwa kuwa hakuingia nyumba ya mtu bila kuchungulia jiko na kuchomoa pasi, na nyie majirani mlikuwa mkisema akifika arusini ficheni viberiti. Aliwalea watoto watatu wa shemeji yake kama wake, wakasoma wote, na dada yake alimshukuru kwa miaka ishirini na minane bila kujua anashukuru nini.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Oktoba 2022, akalazwa wodi namba nne ya hospitali ya wilaya. Tarehe 3 Mei 2023, baada ya chakula cha mchana, aliomba wote watoke abaki na dada yake, akamwambia, "Ile kofia niliirudisha mimi, dada. Kila asubuhi niliivua nipanguse vumbi, kisha naivisha tena, kwa sababu mgeni aliiacha pale. Hata siku ile niliirudisha, nikatia sahihi kwamba chumba ni salama." Kisha akauliza kama anaweza kusamehewa.

Dada yake alikunja shuka lililokuwa miguuni pa kitanda, akatoka, na kwa siku kumi na moja hakukanyaga hospitali. Aliporudi alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamkata kucha, lakini jibu hakulitoa, na kaka yake hakuuliza mara ya pili. Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 26 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Jana familia ilikaa kikao. Mjane wake, wifi yetu, alisihi jambo hili lizikwe naye, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na watoto watasemwa. Mjomba alijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, na wosia wa maiti haupigiwi kura. Ndiyo maana mmelisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule muuguzi aliyemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili bila kuombwa, majirani waliotandika mikeka na kubeba maji, na walimu wa shule yake waliokuja na basi zima la wasichana wa bweni lake, ambalo kwa miaka ishirini na sita halikuungua hata pazia.

Shukrani zimekwisha, limebaki neno moja, ambalo kwenye karatasi hii nililiacha wazi hadi leo asubuhi. Kaka, ulikufa unasubiri jibu langu, na hilo ni kosa langu, nitalibeba. Hasira ninayo, mapenzi ninayo, na bado havijapatana. Lakini kama yupo mtu hapa mwenye haki ya kukunyima neno hili ni mimi, na mimi ndiye ninayelisema, kwa sauti, wanangu wakisikia: pumzika kwa amani.